Fungu la Kliniki

Jumatatu, 2 Juni
Kutoka nyumbani Kanamkemer hadi ofisini, hapa Lodwar, kwa boda. Chai. Skrini. Kebo ya intaneti ya Kakuma iko sawa. Kebo moja, wateja wengi, na mtambo humgawia kila mmoja kasi kadiri anavyoomba. Kliniki ya wajawazito ya huko pekee ina fungu lake la kasi, la akiba. Ikiwa kimya, wengine wanalitumia. Ikiomba, wanapisha. Nililiweka mimi na najivunia.

Jumanne, 3 Juni
Meneja Lokwang anataka fungu lifutwe. Kuna hoteli Kakuma ina wageni wa mkutano, wanalalamika video zinakwama. “Hiyo kliniki inatumia nini? Siku nzima iko kimya.”

Nikalifuta. Niliogopa kufukuzwa. Naandika hapa nisije nikajidanganya.

Alhamisi, 5 Juni
Saa nne asubuhi Halima, muuguzi wa kliniki, alinipigia. Picha ya tumbo la mama mmoja haipandi kwa daktari wa hapa Lodwar. “Akiru, nangoja nusu saa sasa. Mama anatoka damu.” Nikatazama skrini. Hoteli ilikuwa imechukua kasi yote, nami sikuthubutu kurudisha fungu. Mwishowe wakampakia mama kwenye gari wamlete huku.

Najichukia.

Ijumaa, 6 Juni
Mama amepona. Mtoto amekufa.

Saa mbili nimerudisha fungu. Kwenye kitabu cha kazi nimeandika jina langu kamili na sababu. Lokwang akaja amevimba kwa hasira. Nikamuuliza kisima cha mchangani, kule lagani mto ukikauka, ni cha nani. Anajua, kwao wanachimba pia. Ni cha aliyekichimba. Asipokuwepo majirani wananywesha mifugo yao, akitokea na mbuzi wake wanapisha, hata kama alipotea mwezi mzima.

“Hii ni biashara, si mbuzi.”

Sawa. Nikamsukumia kitabu na kalamu. Akitaka fungu lifutwe, afute mwenyewe, na aandike jina lake chini ya langu. Mimi sifuti tena. Anifukuze akipenda.

Jumatatu, 9 Juni
Nimekuta barua ya onyo mezani. Nimeitia kwenye droo.

Nimefungua kitabu cha kazi. Chini ya jina langu hakuna jina. Fungu lipo.

Saa tano kliniki imeomba kasi. Hoteli ikashuka kidogo, kliniki ikapanda, kisha ikanyamaza. Picha moja imefika. Halima hakupiga simu. Nimemalizia chai yangu, imepoa.