Kombe la Tata

Izimbya, Bukoba Vijijini
Jumapili

Kaka yangu Muksini,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute una nguvu, na Farida na watoto wawe wazima hapo Muleba. Sisi huku tunapumua. Migomba imezaa vizuri, senene wameanza kudondoka, na mimi mdogo wako bado nina mdomo uleule unaoujua. Barua anakuletea jirani yetu Projestus, maana namba yangu umeifunga, na sina tabia ya kumbembeleza mtu aliyenifungia simu. Waitu, tafadhali, isome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Tata, baba yetu, hajatoa sauti tangu kiharusi kimpate. Yule mwalimu wa nahau ya Kiarabu aliyekuwa akisikika mpaka barabarani, sasa amelala anatazama paa. Mkono wa kulia umekufa, wa kushoto unatetemeka lakini unashika. Hospitali walituambia tukamtunze nyumbani, na maana yake unaijua. Kinachomsumbua si kifo, ni wewe. Siku ulipong'oa mibuni ya babu hapo Muleba ukapanda misonobari bila kumwuliza, alikuambia usikanyage kibanja chake mpaka akuite kwa kinywa chake mwenyewe. Nawe, kwa jeuri yako, ukamjibu kwamba hicho kinywa utakingoja. Nilipokutumia ujumbe kwamba anakutaka, ukasema hayo ni maneno yangu mimi Nuriat, si yake. Niliumia sana, kaka.

Unalikumbuka somo alilokuwa akitufungulia nalo nahau kila mwaka? Kwamba hapo mwanzo Waarabu waliandika herufi tupu, hazina alama, kwa sababu kila msomaji lugha alizaliwa nayo. Dini ilipoenea, wageni wakaingia, watu kama sisi Wahaya, nao wakayasoma maneno ya Mungu vibaya mpaka maana ikageuka. Ndipo mzee mmoja wa Basra alipomkalisha mwandishi mbele yake, akampa wino wa rangi nyingine, akamwambia asitazame kitu ila kinywa chake. Nikifumbua kinywa, weka nukta juu ya herufi. Nikikusanya midomo, weka mbele yake. Nikiteremsha kidevu, weka chini. Tata alikuwa akisema elimu yote ile, pamoja na mabishano ya mabingwa wa miji ya Basra na Kufa waliokuja baadaye, imetoka kwenye kinywa cha mtu mmoja kilichotazamwa vizuri. Wewe ulikuwa ukisinzia.

Basi siku moja baada ya adhuhuri alinionyesha kwa kidole sahani nyeupe na zafarani tuliyokuwa tumeiloweka kwenye marashi ili tumwandikie kombe, aya za kusuuzwa kwa maji ayanywe. Nikamshikia sahani. Akaandika kwa mkono wa kushoto, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tupu kabisa kama za zamani. Kisha akanitazama, akaanza kuchezesha kinywa. Nilimwelewa. Nilichukua rangi nyekundu ya biriani, nikakaa kama yule mwandishi, nikaweka nukta moja moja nikifuata midomo yake. Alipomaliza, nikasoma: Muksini mwanangu, rudi.

Nililia, sikufichi. Nikaiweka sahani dirishani ikauke, nikanuia kukuletea mwenyewe uuone mwandiko wake. Nikaenda kisimani kutawadha. Kumbe nyuma yangu ameingia shangazi Zabibu kutoka Rwamishenye, anapita kwenda kwako, kwa sababu Farida alikuwa amempigia kwamba una homa isiyotoka. Akaiona sahani, akaiona zafarani, na mzee amelala pale. Kusoma hajui. Akajua moja kwa moja kwamba hilo ni kombe la Tata, akamwaga maji, akasuuza kwa bismillahi, akajaza kwenye chupa na kuondoka nayo.

Nilimpigia akiwa ameshafika kwako. Akanijibu kwa furaha kwamba umelinywa lote na homa imetulia. Nilikaa chini sakafuni. Nilimkasirikia shangazi kwa kitu ambacho kila mmoja wetu angekifanya.

Lakini kuna jambo ambalo mpaka leo linanitia baridi. Tata ana fimbo ya kugongea kitanda, na huigonga hata kuku akiingia ndani. Shangazi anasema wakati anasuuza, Tata alikuwa macho, anamtazama mikono. Hakugonga. Na tangu saa ile midomo yake haijacheza tena. Uji tunaupenyeza kwa kijiko.

Sasa nikuambie kile ambacho Farida ameogopa kukueleza sawasawa. Hana kosa, usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Amenipigia akilia kwamba tangu unywe, kinywa chako kinacheza chenyewe bila sauti, mchana, ukiwa unakula, ukiwa unatazama misonobari yako. Akikuuliza, unamwambia anaota. Nilimwomba anieleze polepole, nami nikashika kalamu. Midomo inakusanyika, kidevu kinashuka, kinashuka tena. Kinywa kinafumbuka, kinafumbuka tena, midomo inakusanyika. Kisha inakusanyika, na kidevu kinashuka. Halafu yanaanza upya.

Muksini, hizo ni nukta zangu. Mpangilio ni uleule nilioweka kwenye sahani, na Farida hajawahi kuiona sahani ile wala kusoma herufi moja ya Kiarabu.

Ulisema utakingoja kinywa chake. Simama mbele ya kioo, kaka, ukitazame. Kwa alivyonieleza Farida leo asubuhi, nukta za jina lako hazipo tena, na za neno mwanangu hazipo, zimebaki za rudi tu, midomo kukusanyika na kidevu kushuka, na kila saa midomo inazidi kuwa dhaifu. Hapa pumzi za Tata nazo zinazidi kuachana. Naogopa. Ikitulia huko, sidhani kama huku kutakuwa na kitu kilichobaki.

Nisalimie Farida, uwabusu watoto. Shangazi Zabibu anakusalimu, hajui lolote, usimwambie. Projestus anarudi leo hii na pikipiki yake, nimemwomba akungoje nje.

Ni mimi mdogo wako,
Nuriat binti Burhani