Fundi wa Masikio ya Mluzi

Jumatatu, 3 Machi

Anakuja. Bango lake limeshabandikwa nje ya ukumbi, refu kuliko lango la malori, meno yote nje. MLUZI — JUMAPILI, SAA TISA ALASIRI. Nimepita chini yake asubuhi na begi langu la nyaya, nikatema mate. Mlinzi akaniuliza kama nina mafua.

Sina mafua. Nina donge, na lina miaka saba.

Acha niliandike lote, maana likibaki kichwani litanipasua. Mluzi ni binamu yangu. Mama yangu ni shangazi yake wa damu. Aliletwa kwetu akiwa na miaka kumi, akala kwetu, akalala chumba cha nyuma, akapiga miluzi kutwa mpaka tukambandika jina. Mama alikuwa dobi wa hospitali. Anafua mashuka ya wagonjwa huko, akirudi anafua ya kwetu, na kila akikamua ana wimbo wake, kautunga mwenyewe: "Kamua, mwanangu, kamua — maji yana mwisho." Siku moja Mluzi akamrekodi kwa simu kupitia dirishani, bila kumwambia. Akahama. Wimbo ukatoka. Rap juu, rumba chini, kwaya pembeni, na katikati, kwenye kiitikio — mama yangu! Nchi nzima ikawa inakamua.

Hilo ningesamehe. (Naongopa. Nisingesamehe.) Lakini mwaka uleule mama alitolewa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Hajatamka neno mpaka leo. Siku moja tuko naye mezani, redio iko wazi, mtangazaji anamuuliza Mluzi nani huyo anayeimba. Akajibu kwa huzuni ya kujipaka: ni marehemu bibi yangu.

Marehemu. Mama alikuwa na kijiko mkononi. Alikiweka chini taratibu, akaenda kulala saa moja jioni.

Amemzika mama yangu redioni, mzima wa afya, kwa sababu mfu hadai kupanda jukwaani. Sawa. Siku za mwizi arobaini, na mimi nimezihesabu.

Jumatano, 5 Machi

Mungu yupo!

Mzee Nyaya, mkuu wetu wa mitambo, katuita wote asubuhi. Fundi wa masikio wa Mluzi kateleza kwenye ngazi za hoteli, mguu umevunjika. Nani atakaa nafasi yake Jumapili? Nilinyoosha mkono hajamaliza swali. Akanitazama kwa mshangao, maana mimi si mtu wa kujitolea. Nikasema naupenda muziki wake. Wala ulimi haukunikauka.

Watu hudhani msanii jukwaani anasikia wanachosikia wao. Wapi! Ana vidude viwili masikioni, na kinachoingia humo kinapikwa na mtu mmoja tu, aliyejificha kona ya kushoto nyuma ya pazia jeusi. Mdundo, besi, kwaya, sauti yake mwenyewe — vyote anavipata kwangu. Nikiuchelewesha mdundo wake robo ya sekunde, yeye atarap kama mlevi anayeshuka ngazi, na watu elfu kumi na mbili watasikia muziki uko sawa na bwana mkubwa ndiye aliyepotea. Hakuna atakayeangalia nyuma ya pazia.

Nimeshika mpini. Atajua hajui.

Jioni nimempigia dada. Dada ni muuguzi, ni mtu wa sala, na ni mkubwa wangu, kwa hiyo nilisikilizwa dakika moja na kuhubiriwa ishirini. Hasira hasara. Mwachie Mungu. Ukifukuzwa kazi mama ataishi na nani mjini hapo, na nani atampeleka kliniki? Nikamwambia hasira zangu, hasara ya Mluzi. Akakata simu.

Amesema kweli kuhusu kazi. Fundi anayemchezea msanii masikioni hapati tena ukumbi wa kumwajiri, hata wa kipaimara. Nimelifikiria hilo tangu saa mbili. Bado nataka.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Mluzi kaitwa saa nne, kaja saa saba, miwani ya jua ndani ya nyumba.

Hakunitazama hata mara moja! Nilikuwa nimejiandaa — kofia, barakoa ya vumbi — kumbe najisumbua. Kwake mimi ni Fundi. Fundi, shusha gitaa. Fundi, ongeza kwaya. Fundi, nipe bibi.

Nipe bibi.

Kwenye mixer, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, kila njia tunaibandikia kipande cha utepe na kuandika kwa mkono kinachopita hapo: NGOMA, BESI, GITAA. Watu wake walikuwa wameandika njia ya kumi na saba: BIBI. Nilibandua. Nikachukua kalamu nikaandika MAMA. Herufi kubwa. Utepe ule nimeuweka mfukoni.

Halafu akasema toa vyote, niachie bibi peke yake nipate noti. Nikatoa vyote. Nilikuwa na headphone masikioni, na mama akaimba. Bila ngoma, bila kwaya, bila makelele ya huyu mtu. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya "mwanangu". Miaka saba sijamsikia hivyo — nakala iko kwa mwizi peke yake. Nikalia kama mjinga, barakoa ikalowa. Nikakasirika mara mbili, kwa kuwa ni yeye aliyeniliza.

Na anaimba vizuri, shetani. Niliandike hilo pia, hapa hakuna anayesoma.

Wimbo wa nne nikajaribu. Robo ya sekunde, mistari miwili tu. Akayumba, akasimamisha kila kitu, akamgombeza mpiga ngoma mbele ya watu wote. Mpiga ngoma, mtu mzima mwenye ndevu, akaomba radhi kwa kosa asilolijua. Lilinichoma kidogo. Kidogo tu.

Mzee Nyaya alikuja baadaye akaniuliza kama mitambo ina tatizo. Nikasema hapana. Akaniambia nikumbuke kanuni ya ile maiki ndogo: ukibonya kitufe chake sauti yako inaingia masikioni mwa msanii peke yake, kwa hiyo usiiguse ila ukumbi ukishika moto. Nikasema naelewa, Mzee.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mama. Sikupanga. Alikuwa anakunja nguo, nikajikuta namweleza yote — mguu wa fundi, robo ya sekunde, atakavyoaibika.

Mama husikiliza kwa macho siku hizi. Akitaka kutuita anagonga meza kwa pete: mbili za haraka, ya tatu inachelewa. Ngo-ngo. Ngo. Ndivyo alivyokuwa akigonga mlango wa chumba cha nyuma zamani, kumwamsha Mluzi aende shule. Alikuwa anaruka kitandani kabla ya pigo la tatu, maana la nne halikuwa pigo. Lilikuwa kata ya maji baridi usoni. Yule mtu aliamka hivyo miaka minane!

Basi leo aligonga katikati ya maneno yangu. Akachukua daftari lake. Nilijua ataandika samehe. Ni mama. Nilishaandaa na majibu.

Akaandika: Usiharibu wimbo wangu.

Nikaona aibu. Kweli — robo ya sekunde ingemvuruga yeye, na ingemvuruga na mama. Mama angekuwa anaimba pale katikati ya fujo niliyoipika mimi.

Akafunua ukurasa wa pili. Mharibu yeye.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Nikamuuliza kwa njia gani basi. Akaandika: Nipeleke unapokaa.

Dada kaja jioni kwa basi la saa kumi. Kasema hayumo, asihusishwe, sisi wote wawili tumerukwa na akili. Kisha akapiga pasi gauni la mama la bluu, pande zote mbili, na kumfunga kilemba mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Saa saba mchana. Nimemwingiza kwa mlango wa mizigo, kadi ya wahudumu shingoni. Mlinzi akauliza huyu mama ni nani. Nikasema ni fundi wa sauti. Sikudanganya.

Amekaa nyuma yangu kwenye sanduku la nyaya, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Nimempa chupa ya maji yaliyoganda barafu kutoka kwenye friji ya wasanii. Hajaifungua.

Saa tisa na nusu. Ameanza. Naandika nyuma ya orodha ya nyimbo, nitabandika daftarini baadaye. Ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi. Wimbo wa kwanza rap tupu, wa pili kaingiza rumba, wa tatu kwaya nzima imepanda na majoho. Watu wamerukwa na akili. Namhudumia vizuri kuliko alivyowahi kuhudumiwa. Kila kitu kiko mahali pake. Kaninyooshea hata kidole gumba, bila kugeuka.

Furahi, ndugu yangu. Furahi sana.

Wimbo wa tisa. Mzee Nyaya kapita. Kamwona mama, kaniona mimi, kaona utepe wa njia ya kumi na saba. Akausoma. Yule mzee si mjinga. Akasema tu kwamba yeye anakwenda kukagua jenereta, na kwamba jenereta iko mbali.

Wimbo wa kumi na moja. Naifuta kalamu jasho. Mama anaisogeza pete yake kidoleni.

Wa kumi na mbili. Ni huu.

Kasimamisha bendi. Kavua miwani. Anawaambia watu wawashe taa za simu, wamkumbuke mwanamke aliyemlea, marehemu bibi yake, ambaye anamtazama kutoka mbinguni. Ukumbi mzima umewaka. Watu elfu kumi na mbili wanamlilia mama yangu, na mama yangu yuko hatua kumi kutoka hapo, kakaa juu ya sanduku, anarekebisha kilemba.

Maji yanadondoka kwenye beseni. Mama anaanza kuimba.

Nimemtolea vyote masikioni. Ngoma, besi, kwaya, chini kabisa. Nimemwachia njia ya kumi na saba tu. Huko nje wimbo uko mzima, sikuugusa. Mama kasimama. Kaja kwenye maiki ndogo. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye kitufe. Wa kulia unaandika, sijui kwa nini unaandika.

Nimebonya.

Ngo-ngo.

Ngo.

Hakuingia. Ubeti wake umefika na hakuingia! Mdomo uko wazi, hakuna kitu. Amesimama wima katikati ya taa, mikono kwenye mapaja, kama yuko pembeni ya kitanda. Watu wanadhani ni kilio, wanamshangilia, wanamwimbia wao. Kamua, mwanangu, kamua. Katoa kidude sikio moja. Kakirudisha. Ubeti wa pili nao umempita.

Sasa anageuka. Huku kwetu. Mara ya kwanza tangu Ijumaa anaangalia kona hii.

Mama hakungoja. Kashika pazia mwenyewe, kalivuta lote, mpaka mwisho. Taa imemwangukia gauni la bluu. Mtu wa kamera ameshatugeuzia kamera, nauona uso wa mama kwenye skrini kubwa ya jukwaani, mkubwa kuliko bango lolote. Watu hawamjui. Bado.

Mluzi anamjua. Anakuja. Anatembea polepole, maiki yake iko wazi mkononi, na midomo inaanza kusema neno — naona tu linavyoanza, sha — na ukumbi mzima utalisikia akilimaliza.

Mama hamtazami yeye. Kageuka kwangu, kanyoosha mkono. Anataka ile chupa.

Bado ni ya baridi.