Betri za Kuanika na Gitaa la Kaka Yona

Mesquite, Texas

Kaka Yona,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Iringa haijawatesa sana, wewe, wifi na watoto. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Wifi ameniambia mguu umepata nguvu, ila mkono wa kushoto bado mzito tangu ulipopooza, na kwamba umelifunga gitaa kwenye shuka ukalipandisha juu ya kabati. Habari hiyo imeniuma kuliko ile ya hospitali.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa garini na Mama Furaha, Mkongomani ninayefanya naye kazi Irving, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nikaitafuta kwenye simu ile albamu yetu ya roki, ile uliyoinakili kwenye kaseti kwa rafiki yako ukawa unamficha baba. Wimbo wa kwanza ulipoanza nikadhani simu imeharibika. Unakimbia mno! Na yule mwimbaji wetu wa sauti nzito, kumbe ana sauti nyembamba inayopaa hadi masikio yanauma.

"Dada, punguza!" Mama Furaha akapiga kelele. "Huyu mutu analilia nini? Niko na-drive, nitapita exit yetu!"

Na kweli tuliipita njia yetu ya kutokea barabara kuu, maana nilikuwa nacheka mpaka machozi, naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Kaka, ni betri! Zilikuwa zikiisha tunazianika juu ya bati, tukizirudisha redio inaikokota kaseti kwa shida, na sauti zote zinashuka. Wewe ukalegeza nyuzi za gitaa zifanane na sauti ile, ukajifunza albamu nzima kwa mwendo huo wa kuchechemea. Tukaipiga shuleni, watu wakapanda juu ya madawati, wala hakuna aliyejua.

Wiki nzima nimekuwa nikiisikiliza. Ni nzuri, sikatai, lakini ya kwetu ilikuwa tamu zaidi. Wewe uliipa nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo usiniambie vidole havikimbii. Nani kakuomba vikimbie? Hapa kazini nawakunja na kuwanyoosha vidole wazee waliopooza, kimoja kimoja. Wanalia, wananitukana, kesho yake tunaanza upya. Wapo ambao sasa wanashika kijiko wenyewe. Siwezi kuwahangaikia watu baki hivyo halafu kaka yangu akae anatazama ukuta. Sikubali.

Msalimie mama, mwambie nampigania dawa ya macho. Baba mdogo fundi cherehani mwambie magauni yake huku wananisimamisha kanisani kuyaulizia. Wifi mwambie nampenda kwa jinsi anavyokuvumilia, maana najua ukinuna ulivyo.

Nimeshakubaliana naye: Jumapili baada ya ibada ataliteremsha gitaa, nami nitapiga simu ya video. Usinieleze chochote. Bonyeza uzi mmoja kwa mkono huo huo mzito. Nitaimba neno la kwanza, kisha nitakungoja ufike kwenye la pili.

Mdogo wako mbishi,
Neema