Diski za Mzee Harjit

Jumatatu, 3 Machi
Printa tatu za kutengeneza dukani, zote zimekwama karatasi. Halafu akaingia Mzee Harjit, mpiga picha wa Ngara, na kompyuta yake ya zamani, diski mbili na skana. Picha zote za studio yake zimo humo. Macho yake yanazima, daktari amesema hayatarudi. Anataka kuziona mara moja zaidi. Bosi akampa Dennis hiyo kazi. Dennis, niliyemfundisha kushika bisibisi.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta haioni diski. Nilitazama mara moja nikajua. Vifaa vya SCSI, ule mfumo wa zamani wa nyaya, huungwa kimoja nyuma ya kingine, na mnyororo hufungwa mwishoni tu, kwa kizibo. Dennis amewasha swichi ya kufunga kwenye diski ya katikati. Skana, iliyo mwisho, ameiacha wazi. Nikamwambia.
"Aunty, hizo ni vitu za kitambo. Wacha nijipange."
Wenzake wakacheka.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi amemwambia Mzee diski zimekufa. Dennis naye amesema mimi ndiye niliyeziangusha. Uongo mtupu. Bosi hakuniuliza chochote. "Rose, si ungesema tu." Miaka kumi na minne kwake. Nimemeza. Nawachukia wote wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimedanganya kwamba naenda hospitali. Kutoka mjini hadi Ngara kwa miguu. Mzee alikuwa amerudishiwa mashine yake. Nikamweleza ukweli. Akanisogezea kiti. Kizibo kilikuwa kwenye droo yake, kati ya vifuniko vya lenzi. Nikazima swichi ya diski ya katikati, nikachomeka kizibo nyuma ya skana. Tukawasha diski kwanza, kompyuta baadaye. Zikaonekana zote mbili.
Pua yake ilikaribia kugusa kioo. "Huyu bibi harusi alilia mpaka wanja ikafika kwa kidevu," akasema. Alikumbuka hadi jina la shangazi wa huyo bibi harusi.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee alimpigia Bosi simu kushukuru. Mtu mwema, hakujua ingeniponza. Bosi ameweka picha ya Dennis mtandaoni, eti fundi wa mashine adimu. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kuiba mteja. Dennis hakunitazama. Nikaandika barua yangu ya kuacha kazi palepale. Mistari miwili.

Jumatano, 12 Machi
Nyumbani, Kileleshwa. Dada yangu anauliza kama tutapika kiburi. Nimesikia ofisi moja ya Westlands imemwita Dennis awaokolee diski zao za zamani. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 29 Machi
Manyunyu. Niko kwa Mzee Harjit tangu asubuhi. Jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia linaona mwanga tu. Mimi nafungua picha, namweleza. Mwanamke kando ya gari, nikasema, amevaa gauni jeupe.
"Krimu," akasema.
Nikatazama tena. Lilikuwa krimu.