Hank wa Ohio na Joho la Mnara

Brooklyn, New York
Jumapili, 12 Februari 1995

Kwako Dada Verdell,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, goti umelinyoosha kama daktari alivyokuagiza, wala si umesimama jikoni ukijifanya mzima. Shemeji Otis je, kifua kimetulia? Wanakwaya wenzako nawasalimu wote, hata yule anayeimbia puani. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayougua, na leo nataka kukueleza ugonjwa wenyewe.

Kazi yangu unaijua, ingawa mama hadi anakufa alidhani nachapa magazeti. Mwingine huchora kwa penseli, mimi napita juu ya mistari yake kwa brashi na wino ili katuni iweze kuchapwa. Miaka ishirini na moja nimemtia wino Mnara, yule shujaa wa joho la kijivu na taa kifuani, ambaye siku zote alikuwa Grant Hollis, mzungu mwenye kidevu kama tofali. Utakumbuka pia kwamba mwaka 1975 nilichora Mnara mweusi, msichana wa Baltimore anayerithi joho Grant akifa. Nilimpa paji la uso lako. Mhariri wetu, Bwana Pinsker, aliutazama mchoro, akasifu mkono wangu, akasema wasomaji hawako tayari, akautia kwenye droo. Nikasema sawa bosi, nikarudi kwenye kidevu cha Grant.

Basi mwaka jana Pinsker yuleyule akatuita na kutangaza kwamba Grant anakufa, na joho linarithiwa na msichana mweusi aitwaye Odessa, muuguzi wa zamu. Moyo ulinidunda! Nikajua siku yangu imefika, hata nikafunga vifungo vya koti. Kumbe kazi ya kumchora amepewa Corliss Yarbrough, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Newark, hajatimiza hata mwaka pale ofisini. Mimi nimtie wino tu.

Dada, nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nilimpa mkono nikamwambia hongera mwanangu, na ndani nilikuwa nafukuta. Angekuwa mzungu ningevumilia, hao nimewazoea. Lakini mweusi mwenzangu, mtoto mdogo, apite mlango ambao mimi nimeugonga hadi vidole vimeota sugu! Na ubaya zaidi, anajua kuchora. Nilimtafutia kosa kila siku, sikuliona. Alimchora Odessa akifunga nywele zake kwa kitambaa kabla ya kulala, kama wewe na mama mlivyokuwa mkifanya, joho limetundikwa nyuma ya mlango. Mimi miaka yote ile sikuwahi kufikiria kitambaa. Niliutia wino ukurasa ule kwa uangalifu kuliko kazi yoyote maishani, na kila mstari uliniuma.

Toleo la kwanza lilipotoka ulinipigia simu kwa vigelegele. Ulisema umenunua nakala sita kwa watoto wako wa darasa la Jumapili, tena Odessa ana paji lako, bila shaka ni kazi ya mdogo wako. Sikukukatalia. Nilicheka tu, ukachukulia kuwa ndiyo.

Haukupita muda, kwenye ukurasa wa nyuma, ule wa barua za wasomaji, akajitokeza mtu anayeitwa Hank Doyle wa Ohio. Alisema Odessa ni bandia, Mnara ni Grant, na kama weusi wanataka shujaa wabuni wa kwao, waache kuvaa mitumba ya wenzao. Ulinisomea barua yake kwenye simu. Ukasema huyo Hank ukimpata utamzaba kofi hukohuko kanisani, Mungu atakuelewa. Baadaye wakaja Roy wa Iowa na Walt wa Maine, wimbo uleule. Mwezi uliopita Pinsker akatuita tena, akagonga faili la barua kwa kidole, akasema si niliwaambia, wasomaji hawako tayari. Odessa atakufa toleo la kumi na mbili na Grant atafufuka. Corliss alikusanya penseli zake akaenda kuchora kifo.

Jumatano alikuja mezani kwangu na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua mpya ya Hank, iliyofika asubuhi ile. Hank aliuliza kwa kejeli, shujaa gani huyo analala na kitambaa kichwani kama bibi yake. Ya pili ilikuwa ule ukurasa wa kitambaa. Akaniuliza polepole, kama anayeuliza saa, Mzee Ozell, hivi huyu Hank wa Ohio ameuona wapi ukurasa huu? Ukurasa ule haukuchapwa kamwe. Pinsker aliuondoa siku moja kabla ya toleo kupelekwa kiwandani kuchapwa, akaweka mwingine. Tuliouona ni watatu tu: Corliss, Pinsker na mimi.

Ndiyo, dada. Hank ni mimi. Roy ni mimi, Walt ni mimi. Mihuri ya posta ilikuwa ya Brooklyn, lakini nani hutazama bahasha?

Corliss hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema hatanisema kwa mtu. Akaniwekea ukurasa wa kifo cha Odessa, akasema mtie wino mwenyewe, maana wewe ndiye uliyemuua. Kisha akanisomea barua nyingine iliyofika siku hiyohiyo kutoka Baltimore, imeandikwa kwa mwandiko ninaoujua tangu uliponifundisha herufi. Ulimwambia Hank kwamba watoto wako sita wanajifunga mapazia ya kanisa wakicheza Odessa. Ukamwambia aje Jumapili ale kunde na mkate wa mahindi, akueleze ni nani aliyemfungia mlango hadi akawa hivyo. Nililia pale pale, brashi mkononi.

Ijumaa niliingia kwa Pinsker nikamwambia yote. Tukalifungua faili. Barua za kumkataa Odessa zilikuwa kumi na moja, na tisa zilikuwa zangu. Wale wasomaji wasiokuwa tayari, karibu wote walikuwa mimi. Odessa hafi, dada. Corliss anaendelea naye. Mimi nimefungasha brashi zangu. Barua yako itatoka toleo la Aprili, na chini yake jibu la Hank kwa jina langu halisi. Sikutaka ulisome kwanza mbele ya watoto. Na Odessa sikumchora mimi. Lile paji la uso ni la mama yake Corliss.

Usidhani nimepona. Bado namwonea wivu, na nikikuambia umeisha nitakuwa nimekuandikia barua nyingine ya Hank.

Msalimie Shemeji Otis, na wale sita wenye mapazia. Hank ameupokea mwaliko wako, atashuka kwa treni Jumapili ijayo saa sita mchana. Ukimkuta mlangoni, lile kofi litangulie, kunde zifuate.

Mdogo wako,
Ozell