Usiziwashe Tarehe 26

Guangzhou,
Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili 1999

Kaka Theophil,

Nimeziambukiza virusi kompyuta zako zote kumi, na hakuna mwingine niliyemwambia. Nisamehe kwa kuanza hivi. Ningetanguliza salamu ningeishia kwenye salamu, kama jana kwenye simu.

Hamjambo huko Bukoba? Mguu wa baba unaendeleaje? Sisi wazima, ila unyevu wa mwezi huu umezidi. Kuta zinatoka maji na herufi za kibodi yangu zinanata. Mama mdogo Dorothea anakohoa kidogo, anawasalimu.

Februari, kabla kontena halijaondoka, mama mdogo aliniachia kazi ya kujaribu moja moja mashine alizokununulia dukani kwa laoban Chen. Laoban ndivyo wanavyomwita mwenye duka. Nikatamani kukufurahisha. Nikaandika programu ndogo: kompyuta ikiwaka tu, inaandika “Karibu darasani kwa Mwalimu Theophil.” Kuitengeneza nilitumia CD ya kuandikia programu niliyoinunua barabarani, maana ile halisi hatuna. Kisha nikainakili kwenye zote kumi.

Juzi Rotich, fundi Mkenya anayewatengenezea wafanyabiashara kompyuta, aliifungua kompyuta yangu akatikisa kichwa. Anasema CD zile zina virusi vinavyolala mpaka tarehe 26 Aprili. Ukiwasha siku hiyo vinafuta kila kitu, na mashine nyingine haziamki tena. Aliniuliza kama nimempa mtu programu yoyote. Nikasema hapana.

Jana nilikuwa na simu mkononi na sauti yako sikioni. Mama mdogo alisimama pembeni, akisubiri zamu yake. Nikakuuliza kama mvua zimeanza.

Barua hii anaibeba Bi Safia, ataitia posta akifika Dar. Tafadhali, usiziwashe tarehe 26.

Mdogo wako,
Herieth


Bukoba,
14 Aprili 1999

Heri, mdogo wangu,

Hujambo, na mama mdogo kifua chake kimepoa? Huku tu wazima. Baba anatembea mpaka kanisani bila fimbo, halafu anarudi akijisifu njia nzima.

Mashine zimefika Jumamosi! Niliwasha ya kwanza nikaona salamu yako, nikamwita baba. Aliisoma mara mbili, akauliza kompyuta imejuaje jina langu. Umenipa heshima, mdogo wangu.

Malalamiko yangu ni madogo. Vipanya vyote vina uchafu tumboni, nimeshinda nikivikwangua kwa kijiti cha kiberiti. Zile Pentium zina maringo na kelele. Hizi 486 za zamani ni pole pole lakini hazina makuu. Na wewe acha tabia ya kuandika programu bila maelezo hata mstari mmoja. Nimeifungua yako, ni kama mtu anayejisemea peke yake gizani.

Shuleni nilikofundisha nimeshaaga. Tunafungua darasa langu siku ya Muungano, tarehe 26, watu wakiwa mapumzikoni. Padri atabariki, kisha nitaziwasha zote kumi kwa pamoja, wazazi wa wanafunzi waione salamu yako.

Anayeleta barua hii ni Rahim, anakuja kwenye maonyesho ya biashara huko kwenu.

Kaka yako,
Theophil


Bukoba,
29 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Pole. Naanza na pole kwa sababu mpokea simu wa parokia ananiambia ulilia mpaka hakusikia jina lako. Alichosikia ni “asiziwashe” tu, basi akatoka mbio na kandambili mkononi.

Barua yako ya Pasaka, ile uliyonieleza uliponipigia tena jioni, haijafika mpaka leo; afadhali yangu Rahim aliwahi kukufikishia. Nilikuwa nimeshawasha mbili za mbele ili padri azione kwa karibu. Salamu ilitokea, kisha zikaganda. Hapo ndipo mpokea simu alipoingia. Sikuelewa, lakini niliziona zile mbili, nikaenda nyuma ya pazia nikashusha swichi kuu.

Watu waliguna, “Umeme huo!” Hakuna aliyeuliza zaidi. Walikula pilau, wakanywa soda, padri akabariki mashine zilizozimwa.

Mbili zimekufa kabisa. Nane nimezisafisha kwa disketi ya rafiki yangu wa Mwanza, na darasa limeanza jana. Wanafunzi wanapokezana.

Heri, kwa salamu yako sina kinyongo. Kilichoniuma ni ile simu ya Pasaka. Ungesema siku ile, ningecheka nawe na tusingepoteza hata moja.

Nimemwandikia mama mdogo kwamba mbili zimefika mbovu. Basi, usiogope.

Kaka yako,
Theophil


Guangzhou,
30 Mei 1999

Kaka Theophil,

Natumaini baba hajambo, na wanafunzi hawagombanii viti. Mama mdogo amepona kikohozi. Nguvu alizopata amezipeleka kwa laoban Chen.

Barua uliyomwandikia ilimfikia akaisoma amesimama. Tulikwenda dukani siku hiyo hiyo. Mama mdogo akapiga meza, akachanganya Kiswahili na Kichina kidogo anachokijua, akamwita mwizi mbele ya wateja. Laoban Chen hakupandisha sauti. Alininyooshea kidole, si kwa ubaya, ni kama mtu anayemwita shahidi wake. Tulizijaribu pamoja mimi na yeye, akinipa chai kila mashine ilipowaka.

Mama mdogo akanigeukia. “Sema wewe uliyezijaribu. Zilikuwa nzima?”

Nikasema, “Sikumbuki.”

Laoban Chen aliniangalia, akaingia stoo, akatoka na mashine mbili nzuri kuliko zile. Zinakuja kwako na kontena la mwezi huu. Njiani mama mdogo alikuwa na furaha. Akaniambia, “Umeona, Herieth? Ukiwa mpole watu hawa wanakula mpaka mifupa.”

Tangu hapo nimekwenda pale dukani peke yangu. Rotich alinifundisha kusema “lilikuwa kosa langu” kwa Kichina, bila kujua ni la nini. Laoban Chen aliponiona akanivutia kigoda na kunimiminia chai. Nikainywa, nikauliza bei ya kibodi, nikaondoka.

Mashine hizo zikifika usizifungue wala usizitumie kwanza. Zifunike kwa kitambaa, zingoje.

Najua ukisoma haya utataka kumwandikia mama mdogo ukweli. Usimwandikie, kaka. Nitamwambia mimi, na laoban Chen nitamwambia pia. Ukinitangulia nitakuwa nimekamatwa tu, sitakuwa nimekiri. Nakuomba unitunzie siri hii, hata kwa baba.

Mdogo wako,
Herieth