Mama Shuka, Aliyekataliwa na Mashine

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu dirisha la dawa likurudishe nyumbani mikono mitupu siku nne mfululizo, na siku ya tano ukatuacha.

Wadogo zangu waliniomba niandike kwa upole, maana kumbukumbu huandikwa kwa upole. Nimejaribu. Nimechana karatasi tatu. Upole ulikuwa wako, na tazama ulikokufikisha.

Basi tuanze na mazuri, kwa kuwa hatutaki watu wadhani ulikuwa mgonjwa tu. Ulikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Wenzako walikuita Mama Shuka, na jina likakushika hadi mtaani, hata Baba akawa analitumia akitaka kukuchokoza. Ulikuwa huwezi kukaa kwenye kitanda cha mtu bila kulipapasa shuka kwanza. Siku tuliyokwenda kwa wakwe wa kitindamimba wako, ulishika pembe ya kitambaa cha meza, ukaninong'oneza, "Hiki hakijasuuzwa, wametoa sabuni kwa macho." Nilicheka hadi shangazi akanikanyaga mguu.

Vibarua wapya uliwafundisha kutoa damu kwenye nguo: maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Mgonjwa akifariki, shuka lake ulilifua peke yake. Hukulichanganya na mengine, ingawa hakuna aliyekuagiza hivyo. Tulipokuuliza, ulisema, "Hata mimi nisingependa kurundikwa."

Glavu zililetwa kwa msimu. Zikiisha, mlitumbukiza mikono hivyohivyo kwenye maji ya klorini. Vidole vyako vikalainika kama kipande cha sabuni kilichobakia sahanini, havina hata mstari. Ulituonyesha huku ukicheka: "Mimi hata nikivunja benki, polisi hawana pa kuanzia."

Sukari ilikupata ukikaribia kustaafu. Insulini ulikuwa ukiichukua kwa kadi ya bima, ile uliyokatwa kwenye mshahara tangu mwezi wa kwanza wa kazi, na hapakuwa na tatizo. Kisha wakaleta mashine ya alama za vidole. Kidole kisiposomeka, hakuna dawa.

Jumatatu ulibandika kidole, taa ikawaka nyekundu. Ukabandika vyote kumi, nyekundu. Mhudumu akasema, "Kapake mafuta, mama, uje kesho." Jumanne ukaja umepaka mafuta, akakwambia vidole vinateleza, kavifute. Jumatano akataka barua ya ofisi ya utumishi kuthibitisha kwamba wewe ndiwe wewe. Alhamisi ukaileta, na mhuri wake juu. Akaisoma, akaikunja vizuri, akakurudishia.

"Mama, mimi nakufahamu vizuri tu. Hata hili koti umenifulia wewe. Lakini mashine haikufahamu."

Hayo tulisimuliwa na mwenzako wa chumba cha kufulia, Bi Pasi, aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni. Wewe hukutuambia neno.

Na hapo na wewe tunakukasirikia, Mama. Kila siku tulikuuliza kama dawa umepata, ukajibu, "Ipo, ipo." Kumbe kilikuwepo kichupa kimoja kinachoishia, nawe ulikuwa unajidunga nusu, kisha robo. Tungekopa. Tungeuza hata kabati. Lakini uliona haya kutusumbua kwa kitu ambacho ni haki yako. Tunakupenda na tumekukasirikia, yote mawili kwa pamoja, na hatujui tuyapeleke wapi.

Ijumaa asubuhi tulikukuta sakafuni jikoni. Tulipokufikisha mapokezi ulikuwa hujitambui, na mtu mmoja, macho makavu, akaunyanyua mkono wako akabandika kidole chako kwenye mashine. Nyekundu. Akajaribu kingine. Baba, ambaye tangu tuzaliwe hatujamsikia akipaza sauti, alipiga kelele jengo zima likasikia: "Huyo ni mke wangu, si ufunguo!" Ndipo wakaita daktari.

Wodini muuguzi alituambia tulete shuka la nyumbani, kwa kuwa ya hospitali hayatoshi. Wewe, Mama, kuambiwa ulete shuka! Mdogo wangu alikimbia kulichukua. Aliporudi nalo, ulikuwa umeshatangulia.

Tuliandika barua kwa wakubwa. Jibu lilichukua miezi minne na lilikuwa sentensi moja: taratibu zote zilifuatwa. Wapo waliotushauri tufunike kombe mwanaharamu apite, eti siku yako ilikuwa imefika. Hatufuniki. Siku yako haikufika yenyewe, ilisukumwa, na waliosukuma tunawajua kwa sura.

Sasa usikie la mwezi uliopita. Mashine ilimkataa Bi Pasi, ambaye hadi hapo ilikuwa ikimsoma kwa taabu, mwenye vidole kama vyako na presha ya miaka kumi. Alikuja nyumbani analia. Nikamshika mkono tukarudi hadi dirishani, nikawaambia siondoki. Foleni ikaanza kuguna, wengine wakasema tunawachelewesha. Kisha mama mmoja mponda kokoto akasema, "Muacheni aseme, hata mimi hainisomi." Mwingine akasema baba yake naye hasomeki, wamekata tamaa, yuko nyumbani amelala tu.

Msimamizi akatoka ndani. Akatutazama, akavuta droo ya pili, akatoa fomu. Fomu ya watu ambao alama zao hazisomeki: jina, namba ya kadi, saini ya msimamizi, basi. Bi Pasi akapewa dawa zake palepale, hata kiti hakikupata joto.

Nikamuuliza, "Hizi fomu zipo tangu lini?"

"Tangu mashine ilipoletwa," akasema. "Ila tumeambiwa tusizitoe ovyo, dada. Zikizidi, makao makuu wanatuuliza maswali."

Zilikuwepo, Mama. Jumatatu zilikuwepo. Alhamisi, ulipokuwa umesimama na barua yako yenye mhuri, zilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwako, na yule aliyekufahamu vizuri tu alikuwa amekaa mbele ya droo hiyo. Ulikufa ili mtu asiulizwe maswali. Nilitaka kuing'oa ile mashine niitupe nje, na ningeing'oa kama Bi Pasi asingenishika kiuno.

Nawe ndugu msomaji, maua usituletee. Kama una mzazi aliyefua, aliyelima, aliyeponda mawe, au mzee tu ambaye ngozi imemlainika kwa umri, usikubali aambiwe aje kesho. Nenda naye. Waambie wavute droo ya pili. Wakisema hakuna kitu, waambie wavute hivyohivyo.

Mama, unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anatandika upande wako wa kitanda na hatumkatazi. Unakumbukwa na mimi kifungua mimba wako, na wadogo zangu wawili. Mkweo anakukumbuka, na safari hii kitambaa cha meza kimesuuzwa mara tatu. Wanakukumbuka dada yako, wajukuu wako watano, Bi Pasi, na madobi wote uliowaacha kwenye yale maji.

Tutakukumbuka daima. Na kila Jumatatu mmoja wetu atakuwa pale kwenye foleni ya dawa, ana dawa ya kuchukua au hana, kuhakikisha kwamba na wao wanakukumbuka.